Gunia Kwenye Njia ya Sake

Shefu wetu amezikwa Kinshasa kama mkuu wa posta ya nchi nzima. Mimi, niliyechambua barua pamoja naye Goma, nimemlilia hapa nyumbani.

Alianza kwenye meza ya kuchambua barua, kisha akapewa posta ya Goma. Miaka ya uasi, njia ya Kinshasa ilifungwa. Barua za kwenda huko zilijaa katika gunia moja. Hata hivyo, kila asubuhi alibadili tarehe kwenye muhuri, hata kama hakuna aliyekuja.

Mchana ule lava ya volkano iliposhuka mjini, tulikimbilia njia ya Sake. Nilikuwa nimemshika mama yangu, mgonjwa. Shefu alitembea mbele, gunia kichwani, muhuri mfukoni. Nguo zake aliziacha ziungue. Mama alipolegea, nilipiga kelele:

«Papa shefu, tupa hiyo makaratasi, unisaidie kubeba mutu!»

«Mutu nitabeba, mama,» alinijibu. «Na barua ya batu pia.»

Akaingiza bega chini ya mkono wa mama, gunia likiwa bado kichwani. Mama akacheka kidogo: «Huyu wa posta ana kichwa ngumu kupita mulima.»

Tulifika hivyo Lac Vert, kwenye njia ileile. Asubuhi mama akafa.

Kaka yangu alikuwa Kinshasa, hana simu, hajui lolote. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, nikaikunja, nikaenda kusimama mbele ya gunia lilelile nililotaka litupwe. Shefu hakunikumbusha. Alizungusha tarehe, akaupulizia muhuri pumzi kwa kuwa wino ulikuwa umekauka, akaigonga barua juu ya goti lake.

«Itafika,» alisema. «Siku gani, sijui.»

Nchi ilipoungana, aliitwa Kinshasa kuongoza posta yote. Alipanda ndege na gunia lake. Miezi ikapita, kisha kaka akanipigia kwa simu ya kuazima, analia. Muzee mwenye suti alikuwa amefika kwa miguu katika matope ya mtaa wao, akampa barua yangu ya kifo cha mama, akafungua daftari: «Saini hapa, papa.» Kaka alidhani ni mpeleka barua tu, mpaka aliposikia sauti ileile redioni, ikitajwa kuwa ya mkuu wa posta.

Juzi kaka ndiye aliyekwenda mazishini kwa niaba yangu. Aliniuliza aiambie nini familia ya shefu.

Nikamjibu: «Waambie dada yako alimwambia atupe gunia.»