Daftari la Wasinziaji

Mpaka leo mtu akisema kijana anayesinzia akimbizwe, damu inanichemka. Mazoezi yenyewe sina ugomvi nayo. Miaka ile ya tisini, wakati wa likizo, nilikuwa nalima kwetu Kasekese kutwa nzima, jioni nalala fofofo. Lakini nyumbani niliachwa nilale.

Shuleni Mpanda, bweni la wasichana, hatukuachwa. Saa kumi alfajiri kengele, kisha mchakamchaka hadi stesheni ya reli na kurudi, tukiimba. Mchana, baada ya ugali na maharage, darasa zima macho mazito. Mwalimu wa nidhamu akaja na dawa yake: atakayesinzia aandikwe, kesho aamshwe saa tisa, azunguke uwanja mara kumi kabla wenzake hawajaamka. Mtu mzima, msomi, anamnyang'anya mtoto usingizi ili asisinzie!

Mwandikaji nilikuwa mimi, kiranja wa darasa.

Mwenzangu wa dawati alitoka Mishamo, na kwa hisabati hakuna aliyemfikia. Aliandikwa mara ya kwanza alipotoka kuugua malaria. Akakimbia, kwa hiyo akasinzia. Nikamwandika, akakimbia tena. Ilikwenda hivyo wiki baada ya wiki. Niliona kabisa ninachofanya, ila niliogopa kuvuliwa ukiranja. Ujinga mtupu.

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili, siku ya hisabati, alikaa mbele yangu. Kichwa chake kilishuka mapema, kikabaki juu ya meza. Ningemgusa ningeambiwa naibia, nikaendelea na yangu. Aliamka wakati msimamizi anakusanya karatasi. Mitihani iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Matokeo yalipotoka alikuwa amefeli, na kidato cha tatu hakukiona.

Siku ya kufunga shule, kabla ya matokeo hayo, baba yake alikuja kumchukua. Mwalimu akamwambia, mbele yangu, kwamba binti yake ni mvivu, kalala hadi kwenye mtihani. Mzee akanigeukia.

"Mwanangu, nyie mnakaa dawati moja. Ni mvivu kweli?"

Daftari nilikuwa nalo kwapani. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Mzee hakumgombeza bintiye. Walikaa juu ya sanduku lake la bati kusubiri lori la Mishamo. Saa nne asubuhi, katikati ya kelele zote zile, alilala begani kwa baba yake, mdomo wazi, na mzee hakutikisika mpaka lori lilipofika.