Wameandikiwa Barua

Gaudensia, fundi cherehani wa Musinzira mjini Gitega, alikuwa akikunja pindo redio iliposema Burundi haiitambui tena Kosovo.

"Iko wapi hiyo?" akauliza Cubaka, Mkongomani muuza vitenge aliyekaa mlangoni.

"Ulaya. Wengine wanasema ni nchi, wengine hawataki. Sisi tuliikubali mwaka 2012, leo tumeikana."

"Eh! Inchi muzima?"

Gaudensia akaendelea kukunja pindo. Miaka ya nyuma, aliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, alikwenda Muyinga kudai shamba la marehemu baba yake. Bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, waliketi mpakani mwa shamba wakanywa pombe yake ya ndizi, maana kule kunywa ndiyo sahihi, wakasema huyu ni mtoto wetu. Akapanda mihogo. Mwaka uliofuata jirani aliyelitaka shamba lile akawapikia pombe nyingi zaidi. Wazee walewale, kwa midomo ileile, wakasema hawajapata kumwona.

"Sasa bale batu ba Kosovo batajua aje, mama?"

"Wameandikiwa barua." Akakata uzi kwa meno. "Mimi nilijua siku nilipokuta mihogo yangu imeng'olewa."