Panya Waliofagiwa Zombe

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Afya wa Kitui, mzungu aliyesimamia afya ya wilaya, alinikabidhi koleo, debe lenye kifuniko na chupa ya mafuta ya taa, akaniambia mimi sasa ni mtu wa panya. Nilikuwa nimetoka jeshini na viatu vizuri vya ngozi, nikitarajia kuvalishwa koti jeupe. Niliona haya hata kumwambia mke wangu.

"Tauni inaanza na panya," alinieleza kwa Kiswahili chake cha haraka. "Panya anakufa, kiroboto anamwacha, anatafuta mtu. Wewe ukipata panya mapema, mimi napata nafasi ya kuokoa watu. Ukichelewa, tunachimba kaburi."

Ninyi vijana mna simu. Sisi tulitangulia ugonjwa kwa baiskeli. Panya aliyekufa bila jeraha la paka wala mtego ndiye tuliyemtaka. Hakuguswa kwa mkono. Alishikwa kwa koleo, akamwagiwa mafuta ya taa ili viroboto wafe, akafungiwa debeni na kupakiwa lorini kwenda kupimwa Nairobi. Kisha tuliuliza kama kuna mwenye homa na mtoki, ule uvimbe wa kinena au kwapa.

Nilianzia Nuu, nikapelekwa Zombe. Huko chifu alikuwa mtu wa utaratibu: kila nilipokaribia kuja alitangaza barazani. Basi nilikuta kila boma limefagiwa na kunyunyiziwa maji, na sakafu imesiribwa upya kwa kinyesi cha ng'ombe. Panya sikuona hata mkia. Nilimweleza Bwana Afya kwamba Zombe ni salama, naye akafurahi.

Boma nililolipenda zaidi lilikuwa la Syombua, mjane wa rika la mama yangu aliyekuwa akimlea mjukuu wake, Mwende. Nilimwita Mwaitu, yaani mama. Hakuniachilia bila uji wa wimbi, wala bila kunichokoza.

"Ulienda vita yote hiyo," alikuwa akisema, "ukarudi kuwinda panya?"

Siku moja Mwende hakutoka kunisalimia.

"Amelala tu," Syombua alisema. "Mwili iko moto kidogo."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Mtoto alilia nilipoinua mkono wake, na kwapani palikuwa na uvimbe.

"Mwaitu, hapa kumekufa panya?"

"Wamekufa mingi sana! Huko kwa ghala."

"Wako wapi?"

Alinishangaa. "Si nimefagia? Nilisikia unakuja, nikatupa yote kichakani. Sasa mgeni aingie kwangu akute panya imeoza? Hata mimi niko na heshima yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanawake wa Zombe nzima walikuwa wakinifagilia. Kila waliposikia nakuja, walitupa kile kile nilichokitafuta, na walifanya hivyo kwa kunipenda. Sikuwa na uso wa kumkasirikia.

Nilikanyaga baiskeli hadi kwa chifu, naye akatuma habari Kitui. Bwana Afya alifika na lori, akampa Mwende vidonge, akanyunyiza dawa ya unga mahali pa kulala. Kisha akataka ghala lichomwe, kama kawaida. Syombua alisimama mlangoni pa ghala.

"Choma nyumba, Bwana. Nitajenga ingine. Hii ndiyo mbegu ya mvua inakuja."

Bwana Afya alivua kofia, akajikuna kichwa. Mwishowe alituagiza tuanike nafaka juani, tutie dawa ghalani na tuchome paa peke yake. Nilimpenda sana mzungu yule siku hiyo. Homa ya Mwende iliposhuka na akaomba uji, nilizunguka nyuma ya nyumba nikalia.

Chifu aliacha kutangaza. Badala yake alimsimamisha Syombua barazani.

"Huyu akikuja," Syombua aliwaambia wanawake wenzake, "wacheni akute uchafu. Mimi nilifagia, kidogo nizike mtoto."

Tangu hapo uvumi ukienea kwamba niko njiani, Syombua hakushika ufagio mpaka nipite. Majivu yalilala uani, majani yakarundikana. Wapita njia wa sokoni walisema mama huyu uzee umemletea uvivu. Alivumilia maneno hayo kwa miaka, na mimi sikupata namna ya kumshukuru.

Nilimalizia kazi Kibwezi, magoti yalipokataa baiskeli. Wanaoifanya kazi hii sasa huniuliza tulijuaje mapema bila mashine. Nawaambia ni kwa sababu kuna watu waliokubali tuwaone walivyo, na hilo si jambo dogo kumwomba mtu.

Siku nilipostaafu nilirudisha koleo na debe, nikapanda lori kwenda kuaga Zombe. Nikiwa langoni kwa Syombua nilisikia harufu ya sakafu iliyosiribwa upya. Ua ulikuwa umenyunyiziwa maji, alama za ufagio zingali mbichi.

"Mwaitu! Umefagia? Kuna panya?"

Alitoka akijishikilia begani kwa Mwende, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu.

"Hakuna panya," alisema. "Nimeambiwa umeacha kazi. Leo wewe ni mgeni wangu. Ingia."

Nilivua viatu mlangoni, nisimchafulie, nikaingia.