Hatua ya Kwanza ya Daftari

Mwenzangu katika ofisi yetu ya Sekei alikuwa na daftari lenye hatua kumi na tisa za kuunda programu. Hata tukibadilisha mstari mmoja tu, alilifungua akazifuata zote, kidole kwenye karatasi. Akija mgeni, alisimama kumsalimia, nyumbani, shambani, mpaka habari za mifugo, kisha akarudi kuniuliza, "Hivi nilifika ya ngapi?" Nilikaribia kupasuka.

Basi nikaandika faili moja la maagizo. Unabonyeza mara moja, kompyuta inafanya yote yenyewe: inaangalia tarehe za mafaili, lililobadilika inalishughulikia, lisilobadilika inaliruka. Daftari nikalitupa juu ya kabati.

"Sawa, bwana," alisema. "Lakini umelisoma lote?"

Nikamwambia nimelisoma. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili za katikati, nazo kwa kejeli.

Mteja wetu mkubwa, kusema kweli wa pekee, alikuwa chama cha wakulima wa kahawa huko juu mlimani. Wanunuzi binafsi walikuwa wamesharuhusiwa, wamejaa kila njia panda na mizani zao, na chama kilibaki na wakulima kwa sababu mzani wake uliaminika. Sasa programu yetu, iliyosoma mzani huo kwa waya na kumchapia mkulima karatasi ya uzito, ikaanza kula nusu kilo. Katibu wa chama, mzee wa Kimeru asiyependa maneno mengi, alisema tusiporekebisha kabla ya siku ya kupokea kahawa, anarudi kwenye karatasi na kalamu, na sisi basi.

Nilirekebisha asubuhi ya siku yenyewe, baada ya umeme kukatika na kurudi. Nikabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba kila kitu kiko tayari. Nikanakili kwenye disketi, nikapanda mlimani kifua mbele.

Wa kwanza kupima alikuwa bibi mmoja. Mzani ulisoma kumi na nane na nusu. Karatasi ikatoka: kumi na nane. Bibi akaitazama, akautazama mzani, akaanza kulifunga gunia lake. Waliokuwa nyuma yake wakainua yao waondoke.

"Kijana," katibu aliniambia, "chomoa waya wako."

Nilirudi Sekei nimeikasirikia kompyuta, umeme na mlima wenyewe. Mwenzangu akanionyesha tarehe kwenye skrini: mwaka 1980, enzi ambazo mimi nilikuwa nachunga mbuzi. Betri ndogo ya saa ya kompyuta ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika saa ilirudi huko. Marekebisho yangu yakaonekana ya zamani kuliko programu yenyewe. Kompyuta ikayaruka, kama nilivyoiagiza.

Akalishusha daftari, akalipangusa vumbi, akanifungulia ukurasa wa mwanzo. Hatua ya kwanza: "Tazama saa ya kompyuta. Huna uhakika na tarehe, muulize mgeni."

Nikamfokea kwa nini hakuniambia.

"Nilikuuliza kama umesoma," alisema.