Jina la Tano Katika Ukurasa wa 212

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanahistoria amesimama katikati ya chumba chake cha kazi, anasoma kwa sauti karatasi moja tu, na hii ni mara ya nne. Mkononi ana saa. Akimaliza anatazama mshale, anatikisa kichwa na kuanza upya.

"Bado naenda mbio," anasema. "Mtu wa miaka sabini na mitatu hasikii kwa kasi hii, hasa kama anayesomwa ni yeye mwenyewe."

Ni mwanamke mfupi wa miaka sabini na mmoja, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa juu ya kichwa. Kwa miaka thelathini na minane ameandika jambo moja tu: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoipasua nchi yake alipokuwa mwalimu mpya wa shule. Vitabu sita vimeshatoka. Cha saba mpiga chapa anakitaka Jumatatu, na leo ni Jumamosi.

Kinachokosekana ni sikio la mzee mmoja, fundi baiskeli katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa gari. Barua mbili alizomwandikia zilirudishwa bila kufunguliwa. Simu ilikatwa. Juzi binti wa fundi alipiga mwenyewe na kusema maneno machache: njoo Jumamosi, una nusu saa.

Asipokubali kusomewa, ukurasa huu hautachapishwa, na uongo uliomo katika kitabu cha pili utaendelea kusomwa kama kweli. Mwandishi wa uongo huo ni yeye.

Mtaani wanamwita Mama Kadi. Ukiingia chumbani mwake hutauliza kwa nini. Kuta tatu zimepangwa masanduku ya viatu kutoka sakafuni hadi darini, na ndani ya kila sanduku mna kadi, na kila kadi ni mtu mmoja aliyeuawa vitani. Hadi jana jioni zilikuwa 11,480. Mgeni akijua hesabu hiyo huteremsha sauti bila kuambiwa, na mimi mwandishi wa gazeti, niliyekuja na maswali kumi na mawili yaliyoandaliwa vizuri, nilijikuta nayauliza kwa kunong'ona.

Anachomoa kadi moja bila kuchagua. Mshona mikoba, miaka thelathini na mmoja, aliuawa njiani akirudi sokoni. Chini kabisa pameandikwa: alikuwa na mwanya.

"Mwanya haunisaidii kitu," anakiri. "Lakini dada yake alishika mkono wangu akasema, mwanangu, andika na mwanya. Sasa ningekataa nikiwa na mdomo gani?"

Kazi hii haijamtajirisha. Anaishi kwa pensheni ya ualimu, na mauzo ya vitabu vyote sita kwa mwaka mzima uliopita hayakutosha kubadilisha mabati ya jiko. Mume wake, muuguzi mstaafu, anasema alioa mwalimu mmoja akajikuta anaishi na watu elfu kumi na moja.

"Na wote wana haki ya meza kuliko mimi," anaongeza mzee huyo, huku akisogeza sanduku ili aweke kikombe chake.

Mwanahistoria ana sheria mbili, na hapo hana mchezo. Ya kwanza: hakuna neno linaloingia kitabuni mpaka liwe limesemwa na watu wawili ambao hawajawahi kukaa wakalizungumza pamoja. Ya pili: mtu aliye hai husomewa yaliyoandikwa juu yake, ana kwa ana, kwa sauti, kabla ya kuchapishwa, yawe mazuri au mabaya.

Aliwahi kumsomea jenerali mstaafu kurasa nne kuhusu amri alizotoa. Katika ukurasa wa pili jenerali alimfukuza. Mama Kadi alitoka, akasimama nje ya geti, akasoma kurasa mbili zilizobaki kwa sauti ya kufundishia darasa la watoto sitini.

"Alisikia yote," anasema. "Niliona pazia linasogea."

Tatizo ni kwamba sheria ya pili aliitunga baada ya kitabu cha tatu. Kitabu cha pili kilitoka bila hiyo, miaka ishirini na miwili iliyopita, na ndicho kilichompa jina. Ndani yake alieleza mauaji ya kiwanda cha unga, ambako askari waliwafyatulia risasi watu waliopanga foleni ya chakula. Walikufa arobaini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyethubutu kuwataja waliofyatua.

Yeye aliwataja. Alikuta katika makaratasi ya kambi orodha ya zamu ya siku ile, imegongwa muhuri, ina majina sita ya askari. Akayanakili yote katika ukurasa wa 212. Jina la tano lilikuwa la kijana wa miaka ishirini na mitano, ambaye baada ya vita alifungua karakana ya baiskeli.

"Orodha ya zamu huandikwa siku moja kabla," anasema, na sauti inamshuka. "Inakuambia nani alipangwa. Haikuambii nani alikuja. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeliona hilo. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa na furaha mno."

Kosa lilifumuka mwaka jana, alipoletewa madaftari ya zahanati moja ya zamani yaliyokuwa yakiliwa na mchwa. Mwandiko ulimshinda. Akamwita mume wake, ambaye alivaa miwani, akacheka, akasema mwandiko wa wauguzi ni siri ya wauguzi, kisha akaanza kusoma mstari baada ya mstari. Alipofika tarehe ya kiwanda cha unga alisoma jina, namba ya askari, saa tatu na nusu asubuhi, gego limeng'olewa, damu nyingi, alale hapa mpaka jioni.

Risasi zilipigwa saa nne. Zahanati ilikuwa upande wa pili wa mji.

"Sikulia," anasema mwanahistoria. "Nilikichukua kitabu cha pili, nikafungua ukurasa wa 212."

Alimtafuta shahidi wa pili kwa miezi mitano, mpaka akampata msaidizi wa zahanati ile, bibi wa miaka themanini na saba, aliyekumbuka kijana aliyelowesha mito miwili kwa damu ya jino. Ndipo alipoandika ukurasa anaousoma asubuhi hii.

Saa tatu gari lao la zamani linatoka, mume kwenye usukani, mwanahistoria kando yake na karatasi ndani ya bahasha, roho juu, na mimi kiti cha nyuma. Mume anajaribu kumchekesha mara mbili, halafu anaacha.

Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba. Magurudumu yananing'inia ukutani kwa ukubwa wake, spana zimelala juu ya kitambaa, na sakafu imefagiwa vizuri kuliko sebule za watu wengi. Binti wa fundi amesimama mlangoni. Ni mwalimu wa chekechea, ana miaka arobaini na minne. Uchumba wake ulivunjika wiki tatu baada ya kitabu kutoka, na hakuchumbiwa tena.

"Shikamoo, Mwalimu," anasema, kwa sababu amelelewa hivyo. Kisha anasema lililomkaa kifuani: "Umechelewa miaka ishirini na miwili."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa," anajibu mwanahistoria. Hajitetei.

Fundi ameketi kwenye kigoda, mkono mmoja ukiwa juu ya tairi kana kwamba anaizuia isikimbie. Hamtazami mgeni. Mwanahistoria anakaa, anatoa karatasi, anasoma polepole kama alivyofanya mazoezi. Anasoma kwamba mwandishi alikosea, na alikosea vipi. Anasoma saa, gego, mito miwili ya damu. Anasoma kwamba jina la tano liliwekwa pale kwa uzembe wa mwandishi, na kwamba mtu huyo hakuua mtu siku ile.

Binti ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Fundi anasikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli," anasema. "Sikuwepo."

"Baba!" Binti anageuka. "Ulijua una la kusema, ukanyamaza? Watu walikuwa wanavuka barabara wasipite mlangoni kwetu!"

Mzee anaondoa mkono kwenye tairi. Kisha anaanza, na ni wazi kwamba maneno haya hajawahi kumwambia mtu. Zamu ile ilikuwa yake. Usiku wa kuamkia siku ile jino lilimtesa mpaka akawa anapiga kichwa ukutani. Rafiki yake, aliyelala kitanda cha juu yake kambini, alimwambia nenda kang'oe, mimi nitakushikia zamu. Rafiki huyo aliuawa vitani miezi miwili baadaye. Mama yake alikuwa akiishi nyuma ya nyumba hii, na maisha yake yote aliamini kwamba siku ya kiwanda cha unga mwanawe alikuwa kambini anafua nguo.

"Ningesema sikuwepo, wangeuliza nani alikuwepo," anasema fundi. "Yule mama hakuwa na mtoto mwingine. Alikuwa na hiyo habari ya kufua nguo tu. Ningemnyang'anya?"

"Na mimi je?" anauliza binti.

Baba yake anamgeukia. "Wewe nilikuonea," anasema. "Nilijua nakuonea, na bado sikuweza."

Mama huyo mzee alifariki mwezi uliopita. Ndiyo maana, fundi anasema, safari hii alimruhusu binti apige simu.

Nimehoji watu kwa miaka kumi na saba, na sijui niliwahi kukaa katika chumba kama kile. Mtu alibeba vifo arobaini na kimoja ambavyo si vyake, akaziba pancha za watoto wa waliomtemea mate, ili kikongwe mmoja alale. Nilitamani kusimama kwa heshima, ila sikutaka kuwasumbua.

Fundi ndiye anayerudi kwenye kazi. "Sasa utamwandika yeye? Wa kitanda cha juu?"

"Siwezi," anasema mwanahistoria. "Nina shahidi mmoja tu, ambaye ni wewe. Nitaandika kwamba aliyeshika zamu hajathibitishwa."

Mabega ya mzee yanashuka. Lakini hajamaliza. "Basi yangu unaweza kuandika, maana nasema mwenyewe. Andika kwamba zamu ilikuwa yangu. Usiishie kwenye jino. Nisingeumwa, ningekuwa pale na bunduki, na sijui ningefanya nini. Ukiniandika msafi kupita kiasi utakuwa umekosea mara ya pili."

Mwanahistoria anavua miwani ya machoni, anaifuta, anaivaa tena. Katika miaka thelathini na minane amewasomea mamia ya watu. Wamemwomba apunguze, afute, abadilishe, atie chumvi kidogo. "Hakuna hata mmoja," ananiambia baadaye, "aliyewahi kuniomba niongeze neno linalomlaumu."

Anaandika sentensi ya zamu hapo hapo, kwa kalamu, anaisoma, fundi anaikubali. Nusu saa ilishapita zamani na hakuna anayeikumbuka.

Kisha anaeleza mpango wake. Kitabu cha saba kitatoka na ukurasa huu, lakini hicho hakitoshi, kwa sababu wanaosoma cha pili hawatasoma cha saba. Nakala 3,200 za kitabu cha pili zilichapishwa. Anakusudia kuzifuata: maktaba za shule, ofisi, vibanda vya vitabu vya mitumba, nyumba za watu. Katika kila moja atabandika karatasi ya marekebisho kwenye ukurasa wa 212, kwa mkono wake.

"Zote?" anauliza fundi.

"Nitakazojaliwa. Mume wangu ataendesha gari."

"Sikuulizwa," anasema mume, "ila nitaendesha."

Binti anainuka bila kusema, anaingia chumba cha ndani. Tunasikia droo ikivutwa kwa nguvu, kama iliyokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Anarudi na kitabu cha jalada la kijani, pembe zake zimeliwa. Ukurasa mmoja umekunjwa, na jina la tano limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Kililetwa na watu wa upande wa mchumba wake, bila barua. Hakuhitaji barua kuelewa.

Anakiweka mapajani mwa mwanahistoria.

"Anza na hiki," anasema.

Mwanahistoria ananyoosha ule mkunjo kwa kidole gumba, mara mbili, mara tatu. Anaandika marekebisho kwa mwandiko mdogo wa kadi. Gundi hakuja nayo, kwa hiyo fundi anafungua kikopo chake cha gundi ya viraka, anapaka mwenyewe, kingo zote nne, kwa umakini wa mtu asiyetaka hewa ipite. Binti anabonyeza karatasi kwa kiganja na kukiacha kiganja pale, muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji, huku machozi yakimtoka na hayafuti.

Mwanahistoria anafungua daftari jipya. Mstari wa kwanza anaandika tarehe, mji, na moja. Pembeni anaandika zilizobaki: elfu tatu, mia moja tisini na tisa.