Maombi ya Dada wa Dirishani

Palikuwa na kinyozi aliyekuwa na kanisa, na kanisa lenyewe lilikuwa ndani ya simu. Watu walimwita Mchungaji Mashine, kwa ile mashine ya kunyolea ambayo haikumtoka mkononi hata akiwa anahubiri. Zamani alikuwa na waumini wa kuketi kwenye mabenchi kama wachungaji wenzake, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya ghala. Siku moja mwenye ukumbi akaona saruji inalipa kuliko injili, akautaka ukumbi wake. Kondoo wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Mchungaji akabaki na mabenchi matupu, ambayo yalirundikwa uani kwake mpaka mkewe akakosa pa kuanikia nguo.

Ndipo akafungua kundi la maombi kwenye simu. Wapo waliomcheka, lakini hasara ilikuwa yao. Alianza na wale wachache waliokuwa bado wanamkumbuka, wao wakaingiza dada zao na mashemeji zao, hao nao wakaingiza watu ambao hakuna aliyejua wametoka wapi, na mwaka ulipogeuka alikuwa akiwaombea watu katika miji ambayo yeye mwenyewe hajaikanyaga. Asubuhi kabla ya kufungua saluni alituma neno la siku kwa sauti. Jioni alikuwa hewani moja kwa moja, simu imebanwa kwenye kioo cha saluni kwa vibanio vya nguo. Mteja aliyekutwa kwenye kiti saa ya ibada alikuwa sehemu ya ibada, apende asipende. Yupo mzee mmoja aliyekuja kunyoa ndevu, akarusha mikono juu kusema amina katikati ya kazi, mashine ikateleza, akarudi kwake na ndevu za upande mmoja.

Lakini kazi aliifanya kwa moyo, hilo lazima lisemwe. Mtu akiandika kwamba ana mgonjwa, kesho yake mchungaji anauliza mgonjwa ameamkaje. Mtoto wa mtu akifanya mtihani, mchungaji anakumbuka ni somo gani. Waumini walisifiana kwamba wamepata mtumishi anayejibu kabla hujamaliza kuandika, na sifa hizo zilimfikia, na zilimnogea. Nani asiyependa kusifiwa?

Kwa shida za siri alitenga namba ya pembeni, nayo akaiwekea sheria aliyoitunga mwenyewe: usitaje jina, usitaje mtaa, usipige. Andika tu. Aliwahi kuona siri ya binti mmoja ikitoka kwenye maombi na kuingia sokoni, akaapa kwamba kwake haitatokea. Na kwa kuwa watu hao hawakuwa na majina, akawabatiza yeye. Kulikuwa na Kaka Mkesha, ambaye usingizi ulimkimbia. Kulikuwa na Mama wa Mitihani. Na kulikuwa na Dada wa Dirishani, aliyeitwa hivyo kwa sababu picha yake haikuwa na mtu, ilikuwa na dirisha tu lenye pazia la maua ya njano.

Dada wa Dirishani aliandika mara ya kwanza asubuhi moja ya manyunyu. "Mchungaji, nimepapasa titi langu la kushoto nikakuta kitu kigumu kama punje ya hindi. Hakiumi. Naogopa."

Mchungaji alikuwa kwenye kichwa cha mteja, akasimamisha mashine. Akamjibu kwa sauti ya chini, pembeni ya mlango. "Usiogope, dada yangu. Umekiona lini?"

"Wiki ile mvua zilipoanza. Nilikuwa naoga."

"Kwenu kuna mtu aliwahi kuugua hivyo?"

"Mama yangu mdogo. Alikufa nacho."

"Umemwambia mumeo?"

"Kila siku namwambia nina neno. Hana nafasi."

Basi mchungaji akapandwa na hasira, hasira safi kabisa ya mtu asiyejua inampiga nani. Mwanamume gani huyo, mwenye masikio ya mapambo! Jioni ile hewani aliacha somo alilokuwa ameliandaa, akapiga kifua, akasema, "Kuna mume mahali fulani! Mke wako ana jambo zito, na wewe umeziba masikio! Bwana akuzibue leo, kabla hujazibuliwa na majuto!" Amina zilimiminika kwenye kioo cha simu mpaka uso wake mwenyewe haukuonekana. Wanawake wengi walituma maneno ya machozi. Kila mmoja alidhani anasemewa yeye.

Akarudi nyumbani amechoka, ameridhika. Mkewe alikuwa amekaa mezani na chakula kimefunikwa. Huyu ndiye Mama Pacha, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, ingawa kicheko kile kilikuwa hakijasikika siku nyingi. Pacha wao wawili walikuwa shule ya bweni, na nyumba ilikuwa na kimya cha watu wawili.

"Baba Pacha, nina neno."

"Sema, mama, nakusikia." Kidole gumba kilikuwa kinatembea kwenye simu.

"Weka simu kwanza."

"Dakika moja tu. Kuna dada mmoja ana shida kubwa, yaani hata chakula hakinipiti."

Mama Pacha akamtazama. Akamtazama tena. "Shida gani hiyo?"

"Siri ya madhabahu, mama. Siwezi kukuambia hata wewe."

Akainuka, akaanza kukusanya vyombo. Mume wake akaandika ujumbe mrefu wa kumfariji Dada wa Dirishani, akautuma, na kule jikoni kitu kikalia kidogo ndani ya mfuko wa aproni. Hakukisikia. Kinyozi hajinyoi, walisema waliotangulia, na hawakusema bure.

Mambo yakaenda hivyo majuma kadhaa. Dada wa Dirishani akaandika kwamba kile kitu kimekua, sasa ngozi juu yake imevutika kama nguo iliyoshonwa uzi ukakazwa mno. Mchungaji alifunga kula kwa ajili yake. Alimlilia Mungu kwa ajili yake akiwa amepiga magoti katikati ya nywele za watu sakafuni. Lakini hakuwa mjinga wa kudhani maombi yanachukua nafasi ya daktari, na mwishowe akamtumia sauti, kali na ya upendo, maneno ambayo baadaye angetamani ayameze yote.

"Dada, maombi yametosha, sasa yavae viatu. Huyo mume ukimsubiri utazikwa yeye akiwa bado anasema subiri. Kesho funga mfuko wako, nenda kwa ndugu zako wakupeleke hospitali. Akiuliza nani kakuruhusu, mwambie ni mchungaji wangu. Tena mwambie aje kwangu. Nitamjibu mimi mwenyewe!"

Kesho yake jioni alipofika nyumbani alikuta mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwa jirani. Ndani sakafu ilikuwa imepigwa deki, cherehani imefunikwa kitambaa, na kile kimkoba cha safari kilichokuwa juu ya kabati hakikuwepo. Alisimama katikati ya chumba akaita jina la mkewe mara mbili, ingawa aliona wazi kwamba hayupo. Wamekaa pamoja tangu saluni ikiwa kiti kimoja chini ya mti usio wao, na mwanamke huyu hakuwahi kulala nje bila kuaga.

"Amesema yuko kwa kaka yake," jirani alimwambia mlangoni.

"Kwa nini? Amesema kwa nini?"

"Baba Pacha, mimi jirani tu. Mume ni wewe."

Alitaka kuandika kwenye kundi waumini wamwombee, akaandika, akafuta. Ataanzaje? Mtumishi aliyewapatanisha watu wa miji mitano amekimbiwa na mke! Mshtuko ukageuka aibu, aibu ikageuka hasira, na asubuhi alikwenda kwa shemeji yake akiwa amevimba kama andazi.

Shemeji alikuwa seremala, mtu wa taratibu, asiyejibu swali mpaka amalize msumari alioushika. Mchungaji hakungoja hata salamu.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe. Nataka kitu kimoja tu. Nani kamjaza mke wangu maneno? Nani kamwambia aondoke kwangu? Nitajie mtu huyo leo, nimfuate huko huko aliko!"

Shemeji akamaliza msumari wake. Akapangusa vumbi la mbao kwenye mikono. "Anasema amepewa ruhusa na mchungaji wake."

"Mchungaji yupi? Mchungaji wake ni mimi!"

"Ndivyo alivyosema na yeye." Akachukua simu ya zamani iliyokuwa juu ya benchi la kazi, ile waliyoiacha pacha walipokwenda bweni, sasa ikiwa na laini mpya, akaibonyeza.

Sauti ikatoka. Dada, maombi yametosha, sasa yavae viatu. Mchungaji akaifahamu kabla haijafika neno la tatu, maana hakuna mtu asiyeifahamu sauti yake mwenyewe. Akataka kusema kuna makosa, simu hii imeokotwa, mtu amemwigiza. Sauti ikaendelea, kali na ya upendo, ikamwita mume yule anayesema subiri, ikafika pale pa mwambie aje kwangu, nitamjibu mimi mwenyewe. Amekuja. Na wa kumjibu hakuwepo.

Akaipokea simu kwa mikono miwili. Juu kulikuwa na ile picha. Dirisha, pazia, maua ya njano. Lilikuwa dirisha la jikoni kwake, na fimbo ya pazia aliipigilia yeye kwa mkono wake, ikakaa upande, na mkewe alimcheka siku ile mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameitazama fimbo ile iliyokaa upande kila siku kwenye kioo cha simu, na hakuijua.

Halafu likaja la pili, na hilo ndilo lililomwangusha. Alikuwa amekuja kugombania ndoa. Sasa akakumbuka punje ya hindi. Akakumbuka ngozi iliyovutika kama nguo. Akaketi juu ya meza isiyokuwa na miguu bado, akasema, "Mungu wangu, ni yeye. Ni yeye mwenye kile kitu." Akasema hivyo mara nyingi, na shemeji akaweka nyundo chini, maana haifai kushika nyundo mbele ya mtu aliye katika hali ile.

Mama Pacha akatokea mlangoni amevaa gauni lake la kutokea.

"Ulijua ni mimi?" mumewe akamuuliza. Ndilo swali lililokuja, la kipumbavu kama yalivyo maswali ya watu walioshtuka.

"Baba Pacha, namba yako imebandikwa mpaka mlangoni pa saluni. Nani asiyeijua?"

"Basi kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia." Hakupandisha sauti. "Mezani nilikuambia, ukasema dakika moja. Kitandani nilikuambia, ukageuzia mwanga wa simu ukutani usinisumbue. Nilipokuandikia ulinijibu kabla chai yangu haijapoa. Mtu anabisha mlango unaofunguliwa, mume wangu. Na huko ulinijibu vizuri. Sikudanganyi, ulinifariji."

Afadhali angemtukana. Mchungaji alilia mbele ya shemeji yake bila kujificha, akalia kwa aibu na kwa woga, na woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

"Leo napimwa," Mama Pacha akasema. "Kaka ndiye ananipeleka."

"Nitakupeleka mimi."

"Twende sote. Njia haina mwenyewe."

Hospitali walikaa kwenye benchi refu, yeye na mkewe na shemeji katikati, mpaka nesi mmoja mwenye haraka na sura ya huruma akawaita kwenye meza yake pembeni ya mlango wa daktari. Akauliza tatizo. Mama Pacha akafungua kinywa, sauti haikutoka. Yote aliyoyaweza kwa kuandika yalimkwama kooni.

"Ni titi la kushoto," mchungaji akasema. "Upande wa nje, karibu na kwapa."

"Limeanza lini?"

"Mvua zilipoanza. Aligundua akioga. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya hindi, kikakua. Sasa ngozi juu yake imevutika. Hakiumi. Ila usiku mkono wa upande huo unamfa ganzi, na tangu majuzi halali kwa upande huo."

"Kuna ndugu aliyewahi kuugua?"

"Mama yake mdogo. Alifariki."

Nesi akaacha kuandika, akainua macho, na uso wake ukachangamka. "Hongera, baba. Kweli. Waume wanaokuja hapa wengi hawajui hata ni upande gani. Wewe mkeo umemfuatilia."

Mchungaji Mashine alihisi sifa ile ikimwingia kama wembe butu. Aliyajua yote, hakukosea hata moja, na hakuna hata moja alilolisikia mdomoni mwa mkewe.

"Haya," nesi akasema, "daktari yuko tayari. Anaruhusiwa kuingia na mtu mmoja. Wewe ndiye mume, siyo?"

Akainuka kujibu, lakini Mama Pacha alikuwa amepata sauti yake.

"Huyu ni mchungaji wangu, sista. Ananiombea sana." Akamshika kaka yake mkono. "Mume wangu bado hajafika."

Wakaingia, yeye na kaka yake. Mlango ukafungwa, na mchungaji akabaki amesimama pale nje, mfuko wa mkewe mkononi.