Bolti Alizokaza Fundi

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Fundi alikata kipande kimoja cha mbao, akauacha msumeno usimame, akaketi kwenye stuli na kuomba maji. Mkewe alikwenda kuyachota kwenye ndoo iliyo nyuma ya pazia. Aliporudi na kikombe, mumewe alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Vumbi la mbao lilikuwa bado linaelea hewani.

“Nilidhani anapumzika,” anasema mjane huyo. “Nikamwambia, haya mheshimiwa, maji yako haya. Nilikuwa namtania.”

Waliofika jioni ile kutoa pole waliuliza swali moja, tena kwa kunong’ona: ni ile mashine? Haikuwa mashine. Ulikuwa moyo, na hakuna aliyejua kwamba moyo huo ulikuwa unamsumbua, hata mkewe aliyekuwa anaulalia kifuani.

Leo, saa mbili asubuhi, mjane anafungua milango miwili ya karakana na kuiegemeza kwa matofali. Mtaani wanamwita Mama Msasa, kwa kuwa miaka yote ya ndoa yao kazi yake ilikuwa kulainisha na kupaka vanishi kile ambacho mumewe ameshakata na kuunga. Mikono yake ina sugu kwenye ncha za vidole, na kucha zake zina rangi ya vanishi isiyotoka kwa sabuni yoyote.

Chumba ni kirefu na chembamba, paa la mabati. Mbao zimesimamishwa ukutani kwa kufuata urefu. Katikati, juu ya meza nzito, umekaa msumeno wa umeme wa kukatia pembe. Kichwa chake chenye bledi ya duara huteleza mbele na nyuma juu ya reli mbili. Meza yake ndogo huzunguka kulia na kushoto kwa digrii, na kichwa chenyewe kinaweza kulazwa ubavu.

Fundi aliupata mkuukuu, akaufanyia kazi mpaka ukawa kama mpya. Enzi zake hakuna mwingine aliyewahi kuugusa. Kila wiki alilegeza bolti nne za ukingo wa chuma, ule unaoegemezwa mbao, akaunyoosha, akazikaza tena.

“Nilikuwa namcheka,” anasema Mama Msasa. “Namwambia, hiyo mashine unaitunza kuliko unavyonitunza mimi. Ananijibu, wewe hujawahi kupinda.”

Wiki chache baada ya mazishi alirudi kazini. Mshonaji mmoja alikuwa ameagiza fremu sita za vioo vikubwa kwa ajili ya vyumba vya wateja wake kujaribia nguo. Aliagiza Fundi akiwa hai, na mshonaji huyo hakutaka kuwa mtu wa kwanza kuvunja ahadi na marehemu.

Shemeji yake, mdogo wa Fundi, alikuja kusaidia. Huyu ni seremala wa zana za mkono, mtaa mzima unamwita Randa. Mbele ya umeme, Randa ni mtu mwingine kabisa.

“Mimi na umeme tunaheshimiana,” anasema bila aibu. “Kila mmoja akae kwake.”

Kwa hiyo aliyesimama mbele ya mashine ni Mama Msasa. Siku ya kwanza alichomeka ekstensheni nyembamba aliyoikuta nyumbani, ikiwa bado imeviringwa kama mkeka. Akabonyeza swichi. Msumeno ukaguna, ukazunguka kwa uzito, na alipoushusha ukang’ang’ania katikati ya ubao. Harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani.

“Shemeji, zima! Zima!” Randa alipiga kelele akiwa tayari yuko barabarani.

“Nimezima! Rudi basi, mwanamume wewe!”

“Nitarudi ikipoa.”

Fundi umeme aliyeitwa aliugusa waya, akavuta mkono haraka.

“Mama, nani kakwambia huu unalisha mashine? Huu ni wa kuchajia simu.”

Waya mnene wa karakana ulikuwa umechukuliwa siku za msiba kuwashia taa za uani. Kama vikombe na viti vingine, haukurudi.

Fundi umeme aliweka soketi mpya ukutani, yenye waya wa ardhini na swichi yake ya usalama, karibu na meza ili kusiwe na haja ya kuburuta nyaya sakafuni. Akamwonya kwamba siku akilazimika kutumia ekstensheni, iwe nene na fupi, na aikunjue yote. Ikiviringwa inajipikia joto lake yenyewe.

“Na jingine,” akasema. “Kabla ya kugusa bledi, bolti, chochote, chomoa plagi. Kuzima si kuchomoa. Plagi iwe mahali unapoiona kwa macho yako.”

Umeme ukatulia. Mama Msasa naye akajifunza kukata, kwa kukumbuka alichokiona kwa miaka mingi akiwa upande wa pili wa vumbi. Miwani usoni, mikono mifupi ya nguo, ubao umebanwa kwenye ukingo. Unavuta kichwa kuja kwako kikiwa juu, unawasha, unasubiri kizunguke kwa nguvu zake zote, unashusha, kisha unasukuma kwenda mbele. Siku moja alijisahau akakata huku akivuta, bledi ikapanda juu ya ubao na kumrukia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Kinga ya bledi ikamwokoa.

“Shemeji, ukikatika kidole nitamwambia nini kaka?” Randa alimuuliza.

“Mwambie nilikuwa navyo kumi, nimebakisha vya kutosha.”

Walicheka mpaka wakalia, na hapo kilio kikawa kilio kweli.

Lakini fremu zilikataa. Kila alipounganisha vipande vinne, kona moja ilibaki wazi kiasi cha ukucha kupita. Alibadilisha mbao. Alibadilisha gundi. Alichanganya unga wa mbao na gundi akaziba, akapiga msasa na kupaka vanishi, na vanishi ikakionyesha kile kiraka kama kovu.

Mshonaji alikuja kutazama. Alizunguka fremu ya kwanza mara mbili.

“Mama, wateja wangu wanasimama hapa kuangalia nguo,” alisema mwishowe. “Wakianza kuangalia kona, nimekwisha. Nakupa mpaka Ijumaa. Marehemu nilimpenda, lakini nina duka.”

Alipoondoka, Randa alisema kile ambacho alikuwa akikizunguka kwa siku kadhaa: mashine imepoteza kipimo, ukingo unyooshwe, au iuzwe na wao warudi kwenye misumeno ya mkono.

“Hakuna atakayegusa bolti zile,” Mama Msasa alimjibu.

“Shemeji...”

“Nimesema hakuna.”

Anapoulizwa leo kwa nini, anachukua kitambaa. Anafuta meza ambayo tayari ni safi.

“Nguo zake nilizigawa. Viatu nilivigawa. Simu yake iko kwa binti yangu,” anasema. “Lakini bolti zile alizikaza yeye, wiki ile ile aliyofariki. Nguvu ya mkono wake ilikuwa bado imo humo ndani. Ningezilegeza, ingetoka. Nilijua ni ujinga. Kujua hakukunisaidia.”

Basi akaendelea kukata, na kona zikaendelea kuachana. Jumatano mchana, fremu ya tatu ilipofunguka mikononi mwake, aliitupa ukutani. Randa aliokota vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya benchi, kisha akakaa kwenye gogo lake bila kumwangalia.

“Shemeji, siku ya msiba mvua ilinyesha. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Watu hawakuwa na pa kukaa. Tukasema tuitoe mashine, tupange viti humu. Tuliibeba wanaume wanne. Hakuna aliyejua kwamba kichwa hufungwa kwanza kisiteleze. Mimi nilishika reli. Jirani akashika ukingo, ndipo paliposhikika. Mlangoni ikatuponyoka, ikagonga ukuta.”

Mama Msasa aliutazama ukingo.

“Tukairudisha usiku ule ule, tukaifuta maji, tukaifunika kwa turubai lake vile vile,” Randa aliendelea. “Nikadhani imepona. Kile unachokilinda, shemeji, tulishakiondoa sisi. Siku ile ile. Kwa nia njema.”

Chai yao ilipoa kwenye vikombe vyote viwili. Randa alijiandaa kutukanwa, na anasema angeyapokea matusi kama dawa. Badala yake mwanamke alisimama, akachomoa plagi na kuiweka juu ya benchi, mbele ya macho yake. Kisha akanyoosha mkono.

“Nipe spana.”

Aliushusha msumeno mpaka chini na kuufunga. Akachukua skwea ya chuma ya mumewe, kile kipimo cha pembe mraba, upande mmoja akauegemeza kwenye ukingo, mwingine kwenye ubapa wa bledi. Mwanzoni skwea iligusa jino, nayo meno yamechomoza kidogo kupita ubapa, ikampa kipimo cha uongo. Akaizungusha bledi kwa mkono mpaka skwea ikakaa kati ya meno mawili. Hapo akaona mwanga mwembamba ukipita.

Bolti ya kwanza ilikataa. Alitia nguvu ya bega. Ilipoachia, ilitoa mlio mfupi.

“Nilifumba macho,” anasema. “Halafu nikayafumbua, kwa sababu bolti ya pili ilikuwa inanisubiri.”

Aliusogeza ukingo kwa kiganja mpaka mwanga ukafa, akakaza zote nne, akakata ubao wa majaribio. Akakipindua kipande kimoja juu chini na kukiunganisha na mwenzake, namna aliyomwona mumewe akifanya, maana kwa kupindua kosa huonekana mara mbili. Upenyo bado ulikuwepo. Kila bolti aliyoikaza kwa pupa ilikuwa imeuvuta ukingo kwake.

“Kaka alikuwa anakaza hii kidogo, anakwenda ile kidogo,” Randa alisema kutoka mlangoni. “Kama anabembeleza.”

“Sasa hilo ndilo ulilokuwa unalificha mpaka leo?”

“Hukuniuliza. Ulikuwa unatupa mbao.”

Alirudia. Kidogo hapa, kidogo kule. Mara ya tatu vipande viwili vilikutana bila kupitisha mwanga. Akazungusha meza mpaka digrii arobaini na tano, akakata vipande vinne, akavishikanisha hewani bila gundi. Kona zote nne zilifunga.

Randa alizipapasa kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akatoka nje kupenga kamasi. Alisema ni vumbi.

Mshonaji alichukua vioo vyake sita Ijumaa jioni. Hakuzunguka fremu safari hii. Alijitazama kwenye kioo cha kwanza, akarekebisha kola, akauliza kama karakana hutengeneza pia mapambo ya kingo za dari, kwa kuwa ana sebule nyumbani.

Fremu moja humwingizia Mama Msasa karibu sawa na alichokuwa akipata kwa wiki nzima ya msasa. Hilo linamsaidia kulipia masomo ya binti yake, ingawa vanishi sasa anaipaka usiku akiwa amechoka. Kazi ya mtu mmoja imekuwa mbili, na aliyepungua bado amepungua. Mchana anaposikia kiu hujikuta anageuka kuuliza kama kuna mwingine anayetaka maji.

Mapambo ya dari yanadai kitu ambacho bado hajakifanya: kulaza kichwa cha msumeno ubavu huku meza nayo imezungushwa, pembe mbili katika mkato mmoja. Ameshaharibu vipande vya kutosha kuwashia jiko. Anataka aijue vizuri kazi hiyo kabla ya kumkubalia mshonaji, halafu amfundishe shemeji yake, kama atakubali kusogea hatua tatu karibu na soketi.

“Nimesogea moja,” anasema Randa.

“Moja na nusu. Tumpe haki yake.”

Bolti za ukingo hulegezwa na kukazwa kila wiki. Anayezikaza ni Mama Msasa.